Mtoto wa miaka 4 kashika nafasi ya 38 kati ya 41. Hapo tumempima nini?

Mwalimu wa Vizibo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kooni tangu juzi.

Nafundisha darasa la awali shule ya serikali, huu ni mwaka wangu wa 11. Juzi saa mbili usiku jirani yangu kapiga hodi, kashika ripoti ya mwanawe. Mtoto ana miaka 4 na miezi 7, anasoma shule moja ya kulipia ambayo sitaitaja. Hisabati 31. Kusoma 28. Kuandika 22. Nafasi ya 38 kati ya 41. Chini yake kwa wino mwekundu: "Mzito kuelewa, aongeze bidii." Na kwa mdomo mama kaambiwa kwamba mwakani huenda mtoto akarudia darasa lile lile.

Mama analia. Mtoto kasimama nyuma yake, kashika pindo la kanga, anasikia kila neno.

Nikaomba nione karatasi ya mtihani. Ukurasa wa kwanza: "Andika namba 1 mpaka 100." Ukurasa wa pili hesabu za kujumlisha na kutoa zimepangwa kwenda chini, 13 kutoa 6, 15 kutoa 9. Mtoto kaandika mpaka 6, ile 4 imegeukia upande wa pili, halafu pembeni kachora duara kubwa lenye miguu na macho. Ukurasa wa pili hakuugusa kabisa.

Nikaingia ndani nikatoa kopo langu la vizibo vya soda, nikavimwaga mkekani, nikakaa chini. Sikumwambia njoo nikuulize. Nilianza kuvipanga mwenyewe kimya kimya. Haikupita muda akaiachia kanga, akachuchumaa mbele yangu.

"Nipe vinne." Akavisogeza kimoja kimoja kwa kidole, vikafika vinne, akaacha.

"Nipe saba." Akahesabu kwa sauti ya chini, kwenye tano akasita, akaanza upya, akanipa saba.

Nikaweka vitano mbele yake. Akavihesabu. Nikafunika viwili kwa kiganja. "Nimeficha vingapi?" Akatazama vitatu vilivyobaki, akatazama mkono wangu, midomo inacheza. "Viwili." Kisha akainua vidole vyangu mwenyewe ili ahakikishe.

Huyo ndiye aliyepewa 31 ya hisabati. Tano ukitoa tatu anaijua. Ambacho hajakipata ni ile alama ya kutoa, na mkono wa kuandika jibu.

Ngoja nieleze kwa nini "nipe vinne" ni kipimo kizito kuliko kinavyoonekana. Kila Januari napokea watoto wanaotaja moja mpaka hamsini bila kukosea, na wazazi wao wanajivunia. Namwambia mmoja wao anipe vizibo vinne, anachota kwa viganja viwili na kuvimimina vyote mapajani mwangu. Zile hamsini kwake bado ni wimbo. Kuhesabu kuna mambo ambayo mtoto lazima ayaunganishe: majina ya namba yafuatane bila kurukwa, kila kitu kipate jina moja tu, na lile jina la mwisho ndilo liwe jibu la "vingapi". Wanasaikolojia Rochel Gelman na Gallistel waliyachambua haya mwaka 1978, na ukikaa mkekani na watoto unayaona kwa macho yako. Kuna mtoto anagusa kizibo kimoja mara mbili. Kuna anayehesabu vizuri mpaka sita, ukimuuliza "kwa hiyo viko vingapi?" anaanza tena moja. Hawa ni watoto walio hatua tofauti, na kila mmoja anahitaji mchezo wake kesho asubuhi. Karatasi ya mtihani inawapa wote sifuri na kuwaweka kwenye kapu moja.

Kusoma nako ni hivyo hivyo. Ubaoni pameandikwa ma, me, mi, mo, mu. Darasa zima linaimba, nikipita nje na mkuu wa shule anasema hawa wanasoma. Lakini chukua fimbo, gusa "mo" peke yake. Utamwona mtoto macho yanarudi mwanzo, ananong'ona ma, me, mi, ndipo anasema "mo!" kwa ushindi. Anakwenda kuitafuta pale inapokaa kwenye wimbo. Nina mtoto aliyewahi kunisomea ukurasa mzima wa kitabu huku kidole kiko ukurasa wa pili. Sikumkemea, maana hiyo nayo ni hatua: ameshajua kwamba maandishi yanasema kitu na yanasema kile kile kila siku. Bado kuunganisha herufi na sauti.

Sasa kuandika. Hapa wazazi wengi hatuambiwi ukweli. Kifundo cha mkono wa binadamu kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa hiyo yote ni gegedu, laini, na inageuka mfupa taratibu, mmoja mmoja. Mitatu kati yake huanza kuwa mfupa mtoto akiwa na miaka kati ya 4 na 6, na wa mwisho husubiri mpaka miaka 8 na kuendelea. Mtoto wa miaka 4 unayemlazimisha kujaza kurasa mbili za herufi "a" unamtaka mkono ambao bado unajengwa. Kwa kawaida mtoto wa miaka 3 anaweza kuiga duara, kwenye 4 anaiga msalaba, mraba unafuata, pembetatu inakaribia 5. Angalia sasa: herufi "k" ina mistari ya mshazari kama pembetatu. Asiyeweza pembetatu utampaje k? Mpe udongo afinyange, mpe maharage achambue, mpe nguo ndogo akamue, afunge vifungo vya shati. Mkono unapata nguvu huko. Na herufi kugeuka, b ikawa d, 4 ikatazama upande mwingine, ni jambo la kawaida kabisa kwa watoto wanaojifunza kuandika mpaka kwenye miaka 7 hivi. Si ugonjwa wala uzembe.

Kuna jambo lingine linaniuma zaidi: namna tunavyouliza. Jean Piaget, yule mwanasaikolojia Mswisi, alikuwa anapanga safu mbili za vitu, sawa kwa sawa, mtoto anakubali ziko sawa. Kisha anaitanua safu moja, anauliza tena: ipi ina vingi? Watoto wa miaka 4 na 5 wengi wanasema ile ndefu. Nimefanya kwa vizibo, ni kweli. Lakini katikati ya miaka ya 1970 kule Scotland, James McGarrigle na Margaret Donaldson walifanya jaribio lile lile kwa namna nyingine: badala ya mtu mzima kuitanua safu, walimleta mwanasesere mtundu akaja "kuharibu" mchezo, akavisukuma vitu. Watoto wengi zaidi wakajibu sawasawa, bado viko sawa! Akili ni ile ile, vitu ni vile vile.

Na sisi huku tunaelewa kwa nini kuliko mtu yeyote. Mtoto aliyelelewa vizuri, mkubwa akimuuliza swali mara ya pili, anajua la kwanza kakosea, basi anabadili jibu kwa heshima. Nina watoto wangapi nimewahi kuwaandikia "hajui" kumbe walikuwa wananiheshimu? Swali hili limenikosesha usingizi miaka ya nyuma.

Mtaala wetu wenyewe hapa Tanzania hausemi tuwapange nafasi. Awali haina mtihani wa kitaifa. Unatutaka tumpime mtoto siku kwa siku, kwa kumwangalia akifanya, kumsikiliza, kutunza kazi zake kwenye mkoba, kujaza orodha hakiki. Mtaala wa mwaka 2016 ulitaja umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Hesabu ni moja kati ya sita, wakuu! Na iko mwishoni. Wapi kwenye ile ripoti pameandikwa kwamba huyu mtoto, alipomaliza kucheza, alikusanya vizibo vyote bila kuambiwa, akavirudisha kwenye kopo, akalifunika?

Nawaomba wazazi na walimu wenzangu tujadili.


Baba Kulwa

Mwalimu nakuheshimu na umeandika kwa uchungu, naona. Lakini nina mapacha, wana miaka 5 kasoro, nawalipia ada kila muhula kwa jasho. Bila mtihani nitajuaje pesa yangu inafanya kazi? Na hizi shule nzuri za msingi zinafanya usaili wa Darasa la Kwanza. Mtoto asiyeweza kuandika jina lake na kusoma aya anarudishwa mlangoni. Wewe unaniambia wacheze na vizibo, mwakani mlangoni atasimama nani? Si mimi na wanangu?


Mwalimu wa Vizibo

Baba Kulwa, hoja yako ni ya haki na ndiyo inayowasumbua wazazi wengi, kwa hiyo sitaipita juu juu.

Kwanza, sijasema watoto wasipimwe. Mimi nawapima kila siku. Ninachokataa ni nafasi. Darasa la awali lina mtoto aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba mwaka ule ule. Kwa mtu wa miaka 40, miezi 11 si kitu. Kwa mtoto wa miaka 5, hiyo ni karibu moja ya tano ya maisha yake yote. Ukiwapanga kwa nafasi, sehemu kubwa umepanga tarehe za kuzaliwa.

Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza viwango vya makuzi, viwango vilivyotoka mwaka 2006, walifuatilia watoto wenye afya nzuri waone wanaanza lini kutembea wenyewe. Walikuwa watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Jibu likawa kati ya miezi 8.2 na miezi 17.6. Miezi 9 nzima kati ya wa mwanzo na wa mwisho, na wote ni wazima! Hakuna anayemwandikia wa miezi 16 kwamba ni wa 38. Tunasubiri, tunamshika mkono, anatembea. Kwa nini tukifika kwenye herufi uvumilivu ule unaisha?

Pili, kuhusu usaili. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishaisikia sauti ndani ya neno, kusoma kunakuja haraka, na hapo ndipo pa kuwekeza. Wapigishe wanao makofi ya silabi: ki-a-zi, ka-ro-ti. Mwambie "mtoto" uone, wengi watapiga mara tatu, m-to-to, bila kufundishwa na yeyote. Muulize neno gani linaanza kama "maji". Anayecheza hivyo leo, ukimpa silabi mwakani atazila.

Na kama ni shule ya mchepuo wa Kiingereza, fuatilia jambo moja. Herufi E wanafundishwa kuiita "i", herufi I wanaiita "ai". Mtoto huyo huyo nyumbani anaambiwa E ni "e". Asipopata mtu wa kumweleza kwamba hizi ni lugha mbili, atasoma "meza" kama "miza", na ripoti itasema ni mzito.


Muuguzi Kliniki ya Mtoto

Shikamoo mwalimu. Naongeza kitu kutoka upande wetu.

Mama akiniletea ripoti yenye "hasikilizi, mzito, mtukutu", swali langu la kwanza ni: masikio yamewahi kutoa usaha? Watoto wadogo wanapata sana maambukizi ya sikio la kati. Maji yakikaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto anasikia kama mtu aliye chini ya maji. Anasikia "ka" au "ta"? Hajui. Siku nyingine anasikia vizuri, siku nyingine hasikii, kwa hiyo mwalimu anaona ni jeuri. Simama nyuma yake asikuone mdomo, mwite kwa sauti ya kawaida, mwambie jambo analolipenda. Asipogeuka mara kadhaa, mlete apimwe.

Macho nayo. Mtoto hajui kwamba wenzake wanaona ubao vizuri, anadhani wote wanaona kama yeye.

Na jamani, yule aliyeondoka nyumbani bila kula! Saa nne asubuhi hana cha kukumbuka. Serikali ilipozindua ile programu ya MMMAM Desemba 2021, ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto mpaka miaka 8, iliweka mambo matano pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Ni kwa sababu hiyo. Huwezi kupima moja ukasahau manne.


Ticha wa Usukumani

Mimi niko kijijini, watoto wangu wanakuja na Kisukuma. Januari mpaka karibu Aprili wapo ambao hawatoi neno. Ukiwa mgeni unaandika "hajui kuzungumza". Halafu unatoka mapumziko unamkuta chini ya mwembe anawaelekeza wenzake sita, huyu akae hapa, yule awe ng'ombe, wewe utachunga, anagombana, anasuluhisha, anacheka, yote kwa Kisukuma. Huyo hajui kuzungumza?

Nilijifunza kumpa kazi za mikono kwanza. Nasema "leta jiwe kubwa", halafu namwangalia. Akileta kubwa, basi Kiswahili kinaingia, kimekaa ndani kinasubiri. Kuelewa kunatangulia kusema. Nikimlazimisha asimame ajibu mbele ya wenzake namrudisha nyuma mwezi mzima.

Tatizo langu mimi ni idadi. Kiwango kinasema watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mwalimu wa Vizibo, wewe unao wangapi? Maana kumwangalia mmoja mmoja ukiwa na umati ni rahisi kuandika kwenye uzi.


Mwalimu wa Vizibo

Ninao 87, ndugu yangu. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 sijawahi kuwa na chini ya 60. Nafurahi wamekuja, kabla ya hapo wengi wao wangekuwa nyumbani.

Nifanyavyo ni hivi. Kila siku nina watoto 5 tu wa kuwaangalia. Majina yao nayaandika asubuhi kwenye kipande cha boksi navaa shingoni. Wengine wanaendelea kwenye kona zao, kona ya duka, kona ya ujenzi, kona ya vitabu, na mama mmoja wa kijiji ananisaidia. Wale 5 nakaa karibu nao kwa zamu, dakika chache kila mmoja, naandika sentensi moja au mbili. 87 ukigawanya kwa 5 ni siku 18, kwa hiyo ndani ya mwezi wa shule nimempitia kila mmoja. Mwaka unaisha kila mtoto ana kurasa zake.

Naandika nilichokiona, siandiki hukumu. Sio "mzembe". Naandika: "Machi 12, kona ya duka. Ameuza sabuni, kapokea mawe 3, karudisha chenji jiwe 1. Aliposukumwa alisema 'subiri zamu yako', hakupiga." Mzazi akisoma hapo anamwona mwanawe. Na mwalimu wa Darasa la Kwanza akiisoma anajua aanzie wapi.

Vipo vinavyonipita, nakiri. Mtoto mpole anayekaa kati ndiye anayesahaulika, mkorofi hasahauliki kamwe. Ndiyo maana ya kile kipande cha boksi.


Bibi wa Pangani

Wanangu, nimesoma na mimi nichangie. Zamani hatukuwa na ripoti lakini mtoto alikuwa anapimwa. Alipimwa kwa kutumwa. Kwanza unamtuma chumba cha pili akulete kanga. Akiweza, unamtuma kwa jirani na neno moja: "mwambie mama anaomba kinu." Akifikisha neno bila kulimwaga njiani, unampa maneno mawili. Kisha dukani, chumvi peke yake. Kisha chumvi na kiberiti, na chenji. Kila mama mtaani alijua mtoto wa nani anatumwa mpaka wapi. Hakuna aliyesema wa kwanza nani.

Na mdako! Unarusha jiwe juu, unatoa mawe shimoni, unarudisha yote ubakize moja, unadaka. Kisha ubakize mawili. Ukikosea hesabu umetoka, na mkono ukiwa mzito umetoka. Leo naona watoto wamefungiwa ndani na kalamu mpaka jioni. Vidole vitatoka wapi?


Mwalimu wa Vizibo

Bibi, shikamoo. Umesema jambo ambalo wataalamu wamelisafiria mbali kulitafuta. Robert Serpell, mwanasaikolojia, alifanya kazi Zambia miaka mingi. Alikuta wazee wa Kichewa wakitaja mtoto mwenye akili, nzelu, wanamaanisha pia yule unayeweza kumtuma ukamwamini. Uerevu na uaminifu havikutengwa.

Na ana utafiti wa mwaka 1979 ambao ningependa kila mwalimu aujue. Alichukua watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza, akawapa maumbo ya kuiga. Kwa karatasi na kalamu, wa Manchester walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, wa Lusaka wakawashinda, maana wao wanaunda magari ya waya kila siku. Kwa udongo, wote wakalingana.

Tafakari hapo. Kama kipimo chako ni kalamu tu, umeshasema Mzambia ni mzito. Ukibadilisha ukampa waya, ni Mwingereza aliye mzito. Mtoto hajabadilika, ni wewe umebadilisha kilichomo mkononi mwake. Serpell na wenzake pia walitengeneza kipimo kwa watoto wa Zambia kinachoitwa Panga Munthu, yaani unda mtu, mtoto anapewa udongo afinyange mtu badala ya kumchora. Nimekijaribu kwa udongo wa mfinyanzi. Mtoto wangu mmoja ambaye hachori chochote zaidi ya mikwaruzo alinifinyangia mwanamke mwenye vidole, masikio, na mtoto mgongoni.


Mwalimu wa Kwale

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu baada ya mtaala wa umilisi kuanza, watoto wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali, hawapewi nafasi darasani. Kuna viwango vinne: amezidi matarajio, amefikia, anakaribia, yuko chini ya matarajio. Ni afadhali, kwa kuwa "anakaribia" ni neno linalompa mzazi moyo.

Lakini nitasema ukweli, karatasi zinaweza kubadilika na moyo ukabaki pale pale. Wazazi wananiuliza, "Sawa, amefikia matarajio. Ni nambari ngapi?" Na wapo walimu wanaojaza visanduku usiku wa mwisho wa muhula, watoto wote "amefikia", bila kumtazama hata mmoja. Huko ni kumdanganya mzazi pia. Afadhali sentensi moja ya kweli kama zile za Mwalimu wa Vizibo kuliko visanduku arubaini. Shule zetu za chekechea ziko chini ya kaunti, na walimu kadhaa niliofanya nao kazi wana moyo sana, wanachokosa ni mtu wa kuja darasani kukaa nao wajifunze kumtazama mtoto.


Baba Kulwa

Nimerudi. Jana jioni nilinunua soda kreti nzima kwa ajili ya vizibo, mama watoto kashangaa.

Nimekaa nao mmoja mmoja, mwingine yuko nje. Kulwa nikamwambia nipe saba, akanipa saba bila shida. Nipe kumi na mbili, akakosea, akajirudi mwenyewe. Doto nikamwambia nipe vinne. Akachota mkono mzima akanipa. Nikarudia, akanipa vyote. Moyo ukaniuma, maana Doto ndiye aliyenipa 70 ya hisabati muhula uliopita, na Kulwa alipata 45! Huwa namsifu Doto mezani kila mtu akisikia, na Kulwa yupo.

Nikaenda kuangalia daftari la Doto. Kajumlisha na kutoa, vyema tupu. Nikamuuliza, mwanangu hii 3 na 2 umejuaje ni 5? Akaniambia, "Mwalimu anaandika ubaoni."

Mwalimu, sasa nafanyaje na Doto? Naanzia wapi?


Mwalimu wa Vizibo

Anzia na viwili, Baba Kulwa. Usimwambie kwamba alikosea. Wakati wa kula mwambie aweke kijiko kimoja kwa kila mtu, ahakikishe kila aliyekaa ana chake. Wiki nzima hivyo hivyo. Kisha mwambie "niletee vijiko viwili". Akiweza viwili siku tatu mfululizo, mpe vitatu. Akikuletea vingi, usimkatize, vigawe pamoja naye mpaka aone mwenyewe vimezidi.

Na Kulwa naye awepo mezani usikie akimsaidia mwenzake. Andika anachosema.


Baba Kulwa

Tupo watano nyumbani. Leo asubuhi Doto kaleta vijiko vinne, kazunguka, kaona mdogo wake hana. Kasimama muda mrefu sana akitutazama vidole vyetu. Karudi jikoni kaleta kimoja.